Kitatange wa Bangili

Mtakaosoma haya, nawaomba radhi mapema. Mwandiko wangu unalala upande mmoja, na yapo maneno ambayo sina hakika yanaandikwaje. Mkifika mahali nilipokosea, someni kwa sauti, mtajua nilichotaka kusema. Niliishia darasa la saba. Ukurasa mmoja hunichukua Jumapili nzima. Lakini afadhali kuandika kuliko kusema, kwa sababu nikiandika hakuna anayenitazama mdomoni.

Nitaandika habari za samaki niliyemlisha kwa mikono yangu karibu mwaka mzima, na za baba mmoja mzamiaji aliyemleta. Wote wawili walidhurika, na mie nilikuwepo.

Mjomba wangu ni fundi seremala pale Keko. Karakana yake iko kando ya barabara kama nyingine zote: mbele vitanda na makabati yamesogezwa mpaka karibu na mtaro, nyuma mashine ya kuranda na vumbi. Nilikuja kwake kutoka kwetu Singida nilipomaliza shule. Nikawa nakaa nyumbani kwake Kimara na kwenda naye kazini kila asubuhi. Kazi yangu ni kupiga msasa na kupaka vanishi. Ni kazi inayonifaa, maana ubao haukuulizi kitu.

Keko kuna jambo moja ambalo kila fundi analiogopa, nalo ni kubadilishiwa mbao. Mteja anakuletea mninga wake safi, ubao wa bei kubwa, ukigeuka kidogo unakuta umewekewa mkongo uliopakwa rangi. Kwa hiyo mjomba ana desturi yake. Kila ubao unaoingia anaukata mikwaruzo mitatu ya msumeno kwenye ncha, anapaka chaki ya buluu juu yake, kisha anaunusa. Jioni anapita tena na kuikagua mikwaruzo yote kabla ya kufunga. "Hapa hajazaliwa mtu wa kunibadilishia kitu," ndivyo anavyosema, na mafundi wengine wanamwigiza akiwa hayupo, wananusa mpaka viatu.

Samaki waliingia kwa bahati. Mteja mmoja aliagiza meza ya kuwekea tangi la kioo, akaleta na tangi lenyewe ili lipimwe, kisha akahama nchi na hakulifuata. Mjomba alilitazama wiki kadhaa, akasema litakaa mbele, litiwe maji ya bahari na samaki wa rangi, ili watu wasimame. Na kweli walisimama. Mtu anasimama kwa ajili ya samaki, mwisho anauliza bei ya sofa.

Aliyeleta maji ndiye yule baba, mzamiaji wa Kigamboni. Kazi yake hasa ilikuwa kuzamia pweza na kambakochi, na alikuja kwetu mara ya kwanza kutafuta ubao wa kukalia kwenye mtumbwi wake. Yeye ni mtu wa pwani tangu babu zake, mjomba ni mtu wa bara asiyejua hata kuogelea, wakawa wanataniana kuanzia siku ile. Walikubaliana hivi: yeye ataleta madumu ya maji ya bahari kila wiki, pamoja na samaki na mawe yao, na mjomba atamtengenezea kitanda cha mninga kwa ajili ya binti yake. Harusi ilikuwa imepangwa baada ya mwaka mpya. Kwao baba wa binti ndiye anayepeleka kitanda, na wakwe hukitazama. Hawakuandikiana karatasi. Walipeana mikono tu.

Nakumbuka siku aliyokuja na kitatange. Alikuwa amemweka ndani ya dumu lililokatwa juu, amefunika na kipande cha kanga.

"Fundi, nimekuletea bwana harusi."

Mjomba akachungulia. "Mbona kadogo? Hata kukaangwa hakafai."

"Nyie watu wa bara! Kila chenye macho mnakitazama kwa jicho la sufuria."

"Sasa huyu ni nani?"

"Sie tunamwita kitatange wa bangili. Wageni wanamwita malaika. Malaika gani ana miiba mashavuni, mie sijui." Kisha akaniita. "Binti, njoo umpokee. Wavu usimguse shavuni, ana mwiba kila upande, utanasa na utamuumiza."

Alikuwa akiniita binti, na ndiye mtu pekee pale karakana aliyekuwa akiniuliza jambo kisha anasubiri mpaka nijibu. Wengine wanauliza, wanajijibu, wanaendelea na randa zao. Yeye alikuwa anasimama na dumu mkononi, anasubiri.

Samaki mwenyewe alikuwa bapa, mpana kama kiganja changu bila vidole. Rangi yake ilikuwa ya buluu iliyokolea kama wino, ukiwa mbali utasema mweusi. Karibu na mkia alikuwa na duara jeupe, dogo, limefungwa kabisa. Nje ya hilo kulikuwa na jingine kubwa zaidi, na jingine, kama bangili zilizopangwa moja ndani ya nyingine, mpaka mistari ikafika kichwani ikiwa imepinda tu bila kufunga. Katikati ya mistari myeupe kulikuwa na mingine myembamba ya buluu ya mbingu. Ukimtazama sana macho yalikuwa yanavutwa kwenye lile duara la mkiani, unasahau kichwa kiko wapi.

Yule baba alinieleza namna wanavyoishi. Alisema hawa wa bangili hawakai mbali na maji mafupi. Wanakaa kwenye nyufa za mwamba, chini ya jiwe lililoning'inia, kila mmoja peke yake. "Hapendi mwenzake kabisa. Ukimsogelea anaingia shimoni. Usiondoke. Subiri kidogo, atageuka, atakuchungulia." Alileta mawe yenye mashimo na kuyapanga ndani ya tangi ili yawe na pango. Kila wiki alileta pia vipande vya sifongo vilivyoota kwenye mawe, vingine vyekundu, vingine vya njano, na mwani kidogo, akasema hicho ndicho chakula chake, nisije nikamtupia mkate kama wanavyofanya watu.

Siku tatu za kwanza hakutoka pangoni. Nilielewa. Mie mwenyewe nilipofika Kimara nilikaa wiki nzima chumbani, natoka kuosha vyombo tu. Siku ya nne nilipokuwa nafuta kioo alitoka nusu, akanitazama kwa jicho moja, akarudi. Baada ya wiki mbili alikuwa anakula sifongo kwenye vidole vyangu. Nilijua tabia zake zote. Kulikuwa na samaki mwingine wa kahawia, kangaja, mkubwa kuliko yeye. Kangaja alikuwa anakuja kusimama mbele ya pango, anatanua mapezi, anatulia kabisa, na kitatange anatoka kumdonoa ngozi taratibu, anamsafisha. Wakimaliza kila mtu anakwenda zake. Na mtu akigonga kioo ghafla, kitatange alikuwa anatoa sauti. Ndiyo, samaki. Ilikuwa sauti nzito, ko, ko, kama mtu anagonga mlango kwa kifundo cha kidole. Mafundi walikuwa hawaamini mpaka wanaweka sikio kwenye kioo.

Nilikuwa namchora. Nilichana maboksi ya misumari, nikachora upande wa ndani kwa penseli ya seremala, na rangi nikapaka kwa vanishi na chaki. Sikumwonyesha mtu. Michoro ilikaa kwenye mkoba wangu pamoja na kanga na chakula.

Wiki moja kabla ya Pasaka mjomba alipigiwa simu kwamba bibi, yaani mama yake, ameanguka na hawezi kutembea. Akaenda Singida. Tulidhani ni wiki mbili. Akakaa kumuuguza, akakaa kulima, akakaa kujenga upya nyumba iliyovuja, akarudi wiki mbili kabla ya Krismasi. Karakana ilibaki kwa fundi mkuu, mtu mwema lakini hana habari na kitu kisichopigiliwa msumari.

Katika miezi hiyo samaki alibadilika.

Sikuiona siku ya kwanza, nadhani hakuna siku ya kwanza. Niliona tu kwamba bangili zimeanza kufifia. Lile duara la mkiani lilifunguka upande mmoja. Halafu kati ya mistari myeupe ikaanza kutoka rangi ya njano, mwanzoni kama uchafu, nikadhani anaumwa, nikaongeza maji mapya. Mkia ukawa wa njano. Kuna miezi alikuwa si huyu wala yule, ana bangili kwa nyuma na mistari iliyonyooka kwa mbele, hapendezi hata kidogo, na watu barabarani walikuwa wanampita. Kisha mistari yote ikanyooka kutoka shavuni mpaka mkiani, njano na buluu, njano na buluu. Usoni akatokewa na utepe mweusi uliofunika macho, wenye ukingo wa buluu, kama mtu aliyefungwa kitambaa. Na alikuwa amekua, sasa kiganja changu pamoja na vidole hakikumfunika. Tabia yake ilibaki ile ile. Pango lile lile, ko ile ile, anakula kwenye vidole vile vile, mwiba shavuni pale pale. Ningewezaje kumkosea?

Nilimchora kila mara nilipoona kitu kipya. Nilikuwa na michoro kumi na mbili.

Kwa nini sikumwambia mtu? Mjomba alikuwa akipiga simu kila Jumamosi kwa fundi mkuu. Fundi mkuu alikuwa ananigeukia, "Samaki yupo?" nami najibu, "Yupo." Na kweli alikuwepo. Yule baba wa Kigamboni naye hakulisogelea tena tangi, kwa sababu mtani wake hayupo na bajaji ya mizigo ilikuwa haiwezi kusimama pale muda mrefu. Alikuwa anaacha madumu karibu na mtaro, ananipa mawe, anachukua madumu matupu, anaondoka. Siku moja nilitoka na mchoro mkononi nimwonyeshe. Dereva alikuwa anapiga honi. Nikasema moyoni, wiki ijayo. Nilisema hivyo wiki nyingi.

Mjomba aliporudi, kabla hajasalimia vizuri alienda kwenye tangi.

"Samaki wangu yuko wapi?"

"Si huyo hapo, bosi," fundi mkuu akasema.

"Huyu? Mie niliacha samaki mweusi ana bangili. Huyu ana mistari kama godoro la bweni!"

"Labda amenenepa."

Akacheka mwenyewe. Mjomba hakucheka. Aliinama, akamtazama samaki vile anavyotazama ncha ya ubao, nikajua anatafuta mikwaruzo yake mitatu. Nilikuwa nyuma yake, hatua mbili, na msasa mkononi. Ningeweza kusema pale pale, tukiwa watatu tu mbele ya tangi. Nilikuwa napanga neno la kuanzia. Bado nalipanga, bajaji ya mizigo ikasimama.

Yule baba alimwona mjomba akaingia ndani kwa furaha, akiacha madumu nje. "Fundi! Umerudi! Pole na safari, mama anaendeleaje?"

Mjomba hakujibu habari za mama yake. "Njoo hapa," akasema. "Huyu ni nani?"

Yule baba akainama. Alitazama muda mrefu. Angekuwa mtu mwongo angesema lolote na angeweza kupona. Lakini alisema anachokijua.

"Huyu namfahamu. Hawa wakubwa wako kule nje, kwenye mwamba mkubwa, chini kwenye mapango. Wana ukorofi, kila mmoja na eneo lake. Lakini huyu siye niliyemleta mie, fundi. Huyu ni mwingine kabisa."

"Na yule wa bangili?"

"Sijui, wallahi."

"Basi huyu katembea mwenyewe," fundi mmoja akasema kutoka kwenye mashine. "Kapanda pantoni, kavuka maji, kashuka, kauliza Keko iko wapi."

"Na nauli kalipa?"

"Mnacheka," akasema mwingine, mzee wa kuchonga nakshi, "hilo ni jini. Jini la baharini, linageuka. Nililijua tangu lilipoanza kugonga kioo."

"Kama ni jini," mjomba akasema, "nalimwaga mtaroni sasa hivi na maji yake." Kisha akamgeukia yule baba. "Hapa nani mwingine anajua kushika samaki? Mie nimeondoka miezi, wewe ndiye uliyekuwa unakuja. Umeona kakua, kawa na thamani, ukamuuza kwa wazungu, ukaniletea huyu wa kukamata bure."

Yule baba aliangaza macho. Mafundi wote walikuwa wamesimamisha kazi, na majirani wa karakana ya pili walikuwa wamefika. Akaniona.

"Binti," akasema, "wewe ndiye unayewalisha. Sema. Umeniona mie nikimbadilisha?"

Wote wakanigeukia. Akasubiri, kama alivyokuwa akinisubiri siku zote.

Nataka niandike hapa kila kilichokuwa kichwani mwangu, lakini nikiandika kinaonekana kama kujitetea. Nilikuwa na michoro kumi na mbili kwenye mkoba, mkoba ulining'inia kwenye msumari nyuma yangu. Nilijua jibu. Lakini darasa la tano niliwahi kusimamishwa nisome mbele ya wenzangu, nikakwama kwenye neno la kwanza, wakacheka mpaka kengele, na tangu siku hiyo watu zaidi ya watatu wakinitazama maneno hunipotea. Niliogopa kumpinga mjomba mbele za watu, mtu anayenilisha. Niliogopa nikisema samaki amegeuka mwenyewe, yule mzee wa nakshi atasema mnaona, na samaki atamwagwa mtaroni. Yote hayo ni kweli. Na yote hayakuchukua muda mrefu kuliko kuvuta pumzi.

Nikasema, "Sijui."

Ni neno hilo moja tu. Hata sikumwita baba.

Hakunikasirikia. Alitikisa kichwa kidogo kama mtu aliyeuliza njia kwa mgeni. Mjomba akasema, "Hata mtoto hajui. Bwana, Keko nzima hii hakuna aliyewahi kunibadilishia ubao, nije nibadilishiwe samaki?"

"Unaniita mwizi, fundi?"

"Mie sijakuita. Wewe umesema mwenyewe siye."

"Na kitanda cha binti?"

"Kitanda hakitoki hapa."

Kitanda kilikuwa kimekwisha. Kilisimama pale pale nyuma yetu, mninga, kichwani kimechongwa maua. Nilikuwa nimekipiga msasa mie mwenyewe, mara nne. Yule baba alikitazama mara moja. Akatoka, akashusha madumu yote yaliyojaa akayapanga karibu na mtaro. "Maji haya mtieni samaki," akasema. "Yeye hana kosa." Akaondoka na bajaji yake. Kitanda kiliuzwa wiki ile ile kwa mteja wa Mbezi.

Maji ya madumu yalipokwisha, fundi mkuu alituma mtu akateke mengine upande wa bandarini, pale panapong'aa mafuta. Sifongo hazikuja tena. Nilijaribu mchicha, nilijaribu dagaa, nilijaribu vipande vya kamba. Kitatange alidonoa, akatema. Ile mistari yake ya njano ikaanza kupauka.

Mwishoni mwa Januari alikuja mwalimu wa sekondari, mama mmoja wa Temeke, kuagiza kabati la vitabu. Alipita kwenye tangi akasimama.

"Hongereni," akasema, "mmemlea mpaka amevaa nguo za ukubwa."

Mjomba akamwuliza ana maana gani. Akaeleza kama vile anaeleza darasani. Huyu akiwa mdogo ana miduara myeupe, akikua anakuwa na mistari hii, ni samaki yule yule. Wakubwa hawavumilii mwingine anayefanana nao kwenye eneo lao, wanamfukuza. Mtoto akivaa tofauti wanamwacha, anakula, anakua. Akasema pia kwamba huyu anaumwa, na maji haya yatamuua.

Mjomba alimwuliza mara tatu kama ana hakika. Mwalimu alipoondoka nilienda kuchukua mkoba. Nilitoa michoro nikaipanga juu ya meza ya kazi, kuanzia wa bangili mpaka wa mistari. Mjomba aliipitia mmoja mmoja, akarudi mwanzo.

"Ulikuwa nayo siku ile?"

"Ndiyo, mjomba."

"Hapa hapa?"

"Kwenye mkoba."

Akakaa juu ya kigoda. "Mbona hukuniambia nilipokuuliza?"

"Hukuniuliza wewe," nikasema. "Aliniuliza yeye."

Hakunipiga wala hakunitukana. Afadhali angefanya. Kesho yake alianza kutengeneza kitanda kingine, peke yake, hakutaka mtu ashike hata patasi. Kitatange alikufa kabla kitanda hakijakwisha. Nilimkuta asubuhi amelala ubavu ndani ya pango lake, rangi zote zimekuwa za majivu. Nilimzika nyuma ya karakana, kwenye maranda.

Tulipeleka kitanda Kigamboni kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, mie na mjomba. Yule baba alitukaribisha barazani, kwa sababu kwao huwezi kumwacha mtu amesimama. Mkewe alileta chai. Majirani walisogea. Mjomba, mtu wa maneno makali, alisimama mbele yao wote akasema, "Nilikuita mwizi mbele za watu, na mbele za watu nasema nilikosa. Samaki alikuwa yule yule. Naomba unisamehe."

Yule baba alitua kikombe chake chini. Kisha akasema, "Binti keshaolewa, fundi. Tulinunua godoro, likatandikwa chini kwenye mkeka. Wakwe wakaja, wakaona."

"Kitanda hiki hapa."

"Kiacheni barazani." Hakukisogelea. Lakini baada ya muda udadisi ulimshinda. "Umesema yule yule? Wa bangili ndiye huyu wa mistari?"

"Ndiye. Anabadilika akikua."

"Miaka yote hii nazama!" Akapiga paja, akawageukia majirani. "Mnasikia? Mie nawajua wote wawili, mmoja mlango wa mbele huku kwenye maji mafupi, mmoja mlango wa nyuma kule nje, kumbe ni mtu mmoja!" Alicheka kabisa, mara moja, kama zamani. Kisha akauliza, "Na nani kawaambia?"

Mjomba alinigeukia. Aliniachia nafasi ile niseme mwenyewe. Na yule baba naye akanigeukia, akasubiri.

Nikasema, "Alikuja mwalimu mmoja akatueleza."

Si uongo. Mwalimu alikuja. Yule baba akasema, "Ahaa," akauliza samaki anaendeleaje. Nikamwambia amekufa. Akauliza tulikuwa tunatia maji gani, mjomba akamweleza, na hakucheka tena mpaka tulipoaga.

Njiani mjomba aliniambia, "Nilidhani utasema."

"Hata mie nilidhani hivyo," nikajibu.

Hayo yana mwaka sasa. Yule baba anaamini kwamba siku ile sikujua, kama yeye alivyokuwa hajui. Nilimsikia akimwambia mkewe tulipokuwa tunapanda gari, "Mtoto maskini, naye tulimtia matatani." Sentensi hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Mara moja nimewahi kwenda mpaka Kigamboni peke yangu. Nilishuka kwenye pantoni, nikanunua maji, nikanywa yote, nikarudi.

Ninachotakiwa kumwambia ni kifupi. Nilimwona samaki akibadilika. Nilijua, na uliponiuliza nikasema sijui. Nimeweza kuyaandika, kwa hiyo naweza kuyatuma. Lakini yeye alisoma chuo cha Kurani tu, herufi zetu hizi hazisomi, na atakayemsomea ni yule binti yake aliyelalia godoro la chini. Sijui kama ni haki kuyatia maneno haya kinywani mwake. Au niende mwenyewe, nikwame mbele yake, na yeye asubiri.

Kama kuna mmoja wenu aliwahi kunyamaza hivi, kisha akarudi kusema, naomba aniandikie. Anieleze alianzaje, na yule mtu alifanya nini aliposikia. Hata mistari miwili inatosha. Mie nasoma polepole lakini nasoma yote.